Fedha za Safari na Kandarasi za Serikali: Sheria Inavyombana Anayetia Sahihi

Mwaka wa fedha wa serikali nchini Kenya huanza Julai 1 na kukamilika Juni 30. Katika miezi hiyo kumi na miwili, watumishi wa umma husafiri kikazi kutoka kaunti moja hadi nyingine, nao wakuu wa taasisi za umma hutia sahihi kandarasi za barabara, dawa, vitabu na huduma nyinginezo. Kwa mwananchi wa kawaida, nauli ya afisa na kandarasi ya barabara ni mambo mawili yasiyo na uhusiano. Kisheria, yote mawili yanaongozwa na kanuni moja: hakuna shilingi ya umma inayopaswa kutoka bila mtu mwenye mamlaka kuiidhinisha kwa maandishi, na mtu huyo hubaki na dhamana juu ya fedha hizo hata baada ya kuondoka afisini.

Makala haya yanaeleza jinsi sheria inavyosimamia fedha za safari za watumishi wa umma, ni nani mwenye mamlaka ya kuifunga serikali katika kandarasi, na hatua ambazo mfanyabiashara au mwananchi anaweza kuchukua taratibu hizo zinapokiukwa.

Msingi wa Kikatiba

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo chimbuko la taratibu zote zinazoelezwa hapa. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji, na kinataka pia uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika masuala ya fedha. Kifungu cha 227 kinaitaka kila taasisi ya umma inaponunua bidhaa au huduma ifanye hivyo kwa mfumo wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu.

Hata hivyo, kipengele chenye makali zaidi kimo katika Kifungu cha 226, ibara ndogo ya 5. Kwa mujibu wa kipengele hicho, mtu mwenye wadhifa wa umma, ukiwemo wadhifa wa kisiasa, anapoelekeza au kuidhinisha matumizi ya fedha za umma kinyume cha sheria au maagizo, hubeba mwenyewe hasara inayotokana na matumizi hayo na ni sharti aifidie. Wajibu huo haukomi anapostaafu, anapohamishwa wala anapopoteza wadhifa.

Sheria mbili kuu ndizo zinazotekeleza maagizo hayo. Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 pamoja na kanuni zake za 2015, ambazo ndizo zinazosimamia fedha za safari. Ya pili ni Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 7, 2016, pamoja na kanuni zake za 2020. Sheria hiyo ndiyo inayoamua ni nani anayeweza kutoa zabuni na kutia sahihi kandarasi kwa niaba ya umma.

Afisa Masuuli ni Nani?

Katika sheria zote mbili, mhusika mkuu ni afisa masuuli, yaani mtu aliyeteuliwa kwa maandishi kubeba dhamana ya fedha za taasisi fulani. Katika wizara, dhamana hiyo huwa mikononi mwa Katibu wa Wizara. Katika mashirika ya serikali, kwa kawaida huwa mikononi mwa afisa mkuu mtendaji, na katika serikali za kaunti huwa mikononi mwa maafisa wakuu wa idara.

Ni muhimu kutofautisha afisa masuuli na mhasibu. Mhasibu huandika na kutunza hesabu. Afisa masuuli ndiye anayefika mbele ya kamati za Bunge, au za bunge la kaunti, kueleza ni kwa nini fedha zilitumika na kama zilileta faida iliyokusudiwa. Anaweza kuwakabidhi walio chini yake baadhi ya majukumu yake, lakini ni lazima afanye hivyo kwa maandishi.

Fedha za Safari: Masurufu na Hesabu Yake

Mtumishi wa umma anapotumwa kikazi nje ya kituo chake, hatarajiwi kugharimia safari ya serikali kwa mshahara wake. Hupewa masurufu, ambazo ni fedha za kutangulizwa kwa ajili ya nauli, malazi na gharama ndogondogo za njiani. Kanuni za 2015 zinagawa masurufu katika mafungu mawili. Kuna masurufu ya kudumu, ambayo hutunzwa afisini kwa matumizi madogo ya kila siku, na masurufu ya muda, ambayo hutolewa hasa kwa safari rasmi.

Viwango vya marupurupu ya kujikimu safarini havipangwi na msafiri wala mkuu wake wa idara. Hutolewa kwa mwongozo wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, iliyoundwa chini ya Kifungu cha 230 cha Katiba. Viwango hivyo hutofautiana kulingana na cheo cha afisa na mji anaokwenda, kwa kuwa gharama ya malazi si sawa kila mahali.

Kabla ya kutoa masurufu ya muda, afisa masuuli anatakiwa kujiridhisha kuhusu mambo manne. Kwanza, kwamba lengo la safari haliwezi kufikiwa kwa njia nyingine ya gharama nafuu. Pili, kwamba mwombaji hana masurufu ya awali ambayo hajayatolea hesabu. Tatu, kwamba mkuu wa idara yake amependekeza apewe. Nne, kwamba fedha za kutosha zipo katika fungu husika la bajeti.

Sharti la kwanza ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa mlipa ushuru. Linamlazimu anayeidhinisha safari ajiulize kama kikao kinaweza kufanyika kwa njia ya mtandao, kama watu wawili wanaweza kwenda badala ya kumi, na kama afisa aliye karibu na eneo hilo anaweza kuifanya kazi hiyo. Safari inayoidhinishwa bila maswali hayo kujibiwa huwa imekosea kabla haijaanza, hata kama kila risiti itarejeshwa.

Siku Saba za Kazi

Baada ya safari, afisa ana siku saba za kazi tangu arejee kituoni kutoa hesabu ya masurufu aliyopewa. Huambatisha hati zinazohitajika na kurudisha kiasi kilichobaki. Kanuni za serikali ya kitaifa na zile za serikali za kaunti zinafanana katika jambo hili.

Chukua mfano wa afisa wa mifugo wa serikali ya kaunti anayetumwa kutoka Marsabit mjini kwenda kusimamia chanjo ya mbuzi katika wadi ya mbali kwa siku tano. Akirejea kituoni Ijumaa jioni, siku yake ya kwanza ya kazi ni Jumatatu. Siku ya saba itakuwa Jumanne ya wiki inayofuata, ikiwa hakuna sikukuu katikati. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi.

Akipitisha siku hiyo bila kutoa hesabu, afisa masuuli anatakiwa kuchukua hatua mara moja. Fedha zote alizopewa, wala si kile kiasi tu kisicho na maelezo, hukatwa kutoka kwa mshahara wake pamoja na riba ya kiwango cha Benki Kuu ya Kenya. Afisa masuuli asipochukua hatua hiyo, kanuni zinasema yeye mwenyewe ametenda kosa. Kwa hivyo, wajibu huanza kwa afisa aliyesafiri na huishia kwa mkuu aliyemwidhinisha.

Kuchelewa huko kuna athari nje ya afisi pia. Kwa kuwa mtu mwenye masurufu ambayo hayajatolewa hesabu hapaswi kupewa mengine, afisa huyo wa mifugo hawezi kutumwa tena kwa utaratibu wa kawaida hadi afunge hesabu ya kwanza. Iwapo ndiye mtaalamu pekee aliye karibu na ugonjwa umezuka katika wadi nyingine, mfugaji ndiye anayeumia. Risiti iliyosahaulika katika droo inaweza kuwa mbuzi waliokosa chanjo.

Kwa upande mwingine, mtumishi naye ana haki. Aliyetumwa kwa idhini ya maandishi na kutumia fedha zake kwa sababu masurufu hayakutolewa kwa wakati anaweza kuwasilisha madai ya kurejeshewa gharama zinazoruhusiwa. Nguvu ya madai hayo hutegemea hati: barua ya kumtuma, tiketi za usafiri na uthibitisho kwamba kazi ilifanyika. Idhini ya mdomo, hata ikitoka kwa mkubwa, ni msingi dhaifu wa madai mbele ya mkaguzi.

Udhibiti huo wa kawaida huongezewa maagizo maalumu hali ya uchumi inapolazimu. Julai 5, 2024, katika hatua za kubana matumizi zilizofuata kuondolewa kwa Mswada wa Fedha wa mwaka huo, Rais William Ruto alitangaza kusitishwa kwa safari zote zisizo za lazima za maafisa wa serikali na watumishi wa umma. Katika hotuba hiyo pia alitangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya serikali yenye majukumu yanayofanana. Maagizo ya aina hiyo hayaondoi kanuni za masurufu. Safari inayoruhusiwa kuendelea bado inafungwa na masharti manne na siku saba za kazi.

Ni Nani Anayeweza Kuifunga Serikali katika Kandarasi?

Dhamana hiyohiyo ya sahihi huonekana katika kandarasi, ila hapa fedha huwa nyingi zaidi na wahusika huwa wengi. Sheria ya 2015 imeigawa kazi ili mtu mmoja asiweze kuanzisha hitaji, kuchagua muuzaji, kupokea bidhaa na kulipa. Hatua mbalimbali za ununuzi ni lazima zishughulikiwe na watu tofauti.

Safari ya kandarasi huanza katika mpango wa ununuzi wa kila mwaka, unaoandaliwa sambamba na bajeti. Mpango huo hutenga angalau asilimia 30 ya nafasi za ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Afisa masuuli haruhusiwi kuanzisha ununuzi wowote kabla ya kuhakikisha kwamba fedha za kutosha zimetengwa katika makadirio yaliyoidhinishwa. Kuanzisha ununuzi huku akijua kwamba fedha hazipo ni kosa la jinai.

Zabuni zikishatangazwa na kufunguliwa, kamati ya muda ya tathmini hupitia zabuni hizo kwa vigezo vilivyotajwa katika hati za zabuni pekee. Inatakiwa kukamilisha kazi hiyo katika muda usiozidi siku 30. Kisha mkuu wa kitengo cha ununuzi hutoa maoni ya kitaalamu kwa maandishi, naye afisa masuuli hufanya uamuzi akizingatia ripoti na maoni hayo. Mshindi hufahamishwa kwa maandishi, na walioshindwa pia hufahamishwa na kuelezwa sababu.

Hapo kandarasi bado haijazaliwa. Kifungu cha 135 kinasema kuwepo kwa kandarasi huthibitishwa kwa kutiwa sahihi hati yenye makubaliano yote ya pande mbili. Hati hiyo hutiwa sahihi na mzabuni aliyeshinda pamoja na afisa masuuli au afisa aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Haiwezi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita tangu barua za kuwafahamisha wazabuni zitolewe. Siku hizo ni nafasi ya anayehisi ameonewa kulalamika. Kandarasi inayozidi thamani ya shilingi bilioni 5 ni lazima kwanza ipitishwe na Mwanasheria Mkuu.

Sheria inakataza pia njia mbili za mkato zinazojulikana sana. Ya kwanza ni kugawa ununuzi mmoja katika vipande vidogo ili kukwepa utaratibu wa ushindani. Ya pili ni kutoa idhini leo kwa kazi iliyofanywa jana. Idhini ya ununuzi haipaswi kurudi nyuma ya tarehe ilipotolewa, isipokuwa katika mahitaji ya dharura yanayotambuliwa na sheria.

Barua ya Ushindi si Kandarasi

Jambo linalowaumiza wafanyabiashara wengi wadogo ni kudhani kwamba barua ya kuwaarifu kuwa wameshinda zabuni, au ahadi ya afisa kwa njia ya simu, inatosha kuanza kazi. Sheria iko wazi: hakuna kandarasi kati ya mzabuni aliyeshinda na taasisi ya umma hadi hati itiwe sahihi na pande zote mbili.

Tofauti hiyo inaweza kuamua kama mtu atalipwa au atapata hasara. Mfanyabiashara aliyekopa benki, akanunua viti 200 na kuvipeleka katika taasisi ya umma kwa neno la mdomo, hana hati ya kuonyesha wakati afisa aliyemwahidi anapohamishwa. Taasisi nayo haiwezi kumlipa kihalali, kwa sababu mkaguzi atauliza malipo yalitokana na kandarasi ipi.

Mahakama zimesisitiza msimamo huo. Mwaka 2019, Mahakama ya Rufaa ilikataa madai ya kampuni moja ya utangazaji iliyotaka kulipwa na tume ya uchaguzi kwa matangazo yaliyopeperushwa, kwa kuwa taratibu za sheria ya ununuzi hazikuwa zimefuatwa. Funzo kwa kila mfanyabiashara ni kwamba kazi kufanyika kweli hakuhalalishi kandarasi isiyokuwepo kisheria.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka bidhaa au kuanza kazi, mfanyabiashara anashauriwa kuhakikisha mambo haya:

Hati ya kandarasi imetiwa sahihi na pande zote mbili na ina tarehe. Kwa ununuzi unaofanywa kwa kulinganisha bei zilizonukuliwa, agizo rasmi la ununuzi, maarufu LPO, liwe limetolewa na afisa mwenye mamlaka.

Aliyetia sahihi kwa niaba ya taasisi ni afisa masuuli, au ana barua ya kuidhinishwa naye. Kumwomba aonyeshe barua hiyo si ukosefu wa adabu.

Siku 14 tangu taarifa ya ushindi zimepita, na hakuna malalamishi yanayosubiri uamuzi.

Upokeaji wa bidhaa au huduma umethibitishwa kwa maandishi, na nakala imebaki kwa muuzaji.

Akiwa na hati hizo, mfanyabiashara anayecheleweshewa malipo husimama mahali pengine kabisa. Sheria inamruhusu kudai riba kwa malipo yaliyochelewa, ila kama kandarasi yenyewe inasema vinginevyo.

Mipaka ya Kubadilisha Kandarasi

Kandarasi iliyotiwa sahihi si mlango ulio wazi wa kuongeza gharama. Bei haiwezi kubadilishwa kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya kutiwa sahihi. Kiasi cha bidhaa au huduma hakiwezi kuongezwa kwa zaidi ya asilimia 15, na kiasi cha kazi za ujenzi kwa zaidi ya asilimia 20, ya kiasi cha awali. Mabadiliko yote yakijumlishwa hayapaswi kuipandisha bei ya awali kwa zaidi ya asilimia 25.

Ikiwa kituo cha afya kilikubaliwa kujengwa kwa shilingi milioni 40, gharama yake kwa kandarasi hiyohiyo haipaswi kupita shilingi milioni 50. Mahitaji yakizidi hapo, taasisi inatakiwa kuanza utaratibu mpya wa ununuzi. Mwananchi anayeijua mipaka hiyo anaweza kusoma bango la mradi kijijini kwake na kuuliza swali lenye msingi.

Anayehisi Ameonewa Aende Wapi?

Mzabuni anayeamini kwamba sheria ilikiukwa ana siku 14 tangu apewe taarifa, au tangu ukiukaji unaodaiwa kutokea, kuwasilisha ombi mbele ya Bodi ya Kukagua Malalamishi ya Zabuni za Umma. Ombi hilo likishawasilishwa, utiaji sahihi wa kandarasi husimama. Bodi hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21.

Asiyeridhika na uamuzi huo ana siku nyingine 14 za kwenda Mahakama Kuu, ambayo hutakiwa kuamua katika siku 45. Kutoka hapo, anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Rufaa, ambayo pia ina siku 45. Muda huo umefupishwa makusudi ili haki ya mzabuni isiwe sababu ya hospitali kukaa bila dawa. Anayengoja wiki tatu akitafakari huenda akakuta mlango umefungwa.

Njia hiyo ya bodi ni ya walioshiriki katika zabuni. Mwananchi ambaye hakuomba zabuni lakini ameona dalili za uvunjaji wa sheria anaweza kupeleka malalamishi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Ununuzi wa Umma, PPRA, au kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, iwapo kuna tuhuma za ufisadi.

Adhabu si ndogo. Mtu binafsi anayepatikana na hatia ya makosa yaliyotajwa katika Kifungu cha 176 cha Sheria ya Ununuzi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 4, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10. Afisa wa umma hukabiliwa pia na hatua za kinidhamu.

Haki ya Mwananchi Kuuliza

Udhibiti wote ulioelezwa hapo juu hutegemea mtu anayetazama. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana miezi sita tangu mwaka wa fedha ukamilike kukagua hesabu na kutoa ripoti, yaani hadi mwisho wa Desemba. Ni lazima ripoti hiyo iseme kama fedha za umma zilitumika kihalali na kwa njia yenye manufaa. Bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu baada ya kuipokea kuijadili na kuchukua hatua. Masurufu ambayo hayakutolewa hesabu na kandarasi zisizo na hati ni miongoni mwa mambo ambayo ripoti kama hiyo huyaweka wazi.

Mwananchi hana haja ya kusubiri ripoti hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ichapishe, mara inapotia sahihi kandarasi, maelezo ya kazi au bidhaa zinazonunuliwa, thamani ya kandarasi, jina la anayetoa huduma na muda wa kukamilisha. Agizo la Rais Nambari 2 la 2018 nalo lilitaka taasisi za umma zichapishe taarifa za zabuni na washindi wake kuanzia Julai 1 mwaka huo.

Asipopata taarifa anayoitafuta, raia anaweza kuiomba. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma na kuandika, au kwa sababu ya ulemavu, ana haki ya kusaidiwa na afisa wa taasisi hiyo kuliweka ombi lake katika maandishi. Haimpasi kueleza sababu ya kutaka habari hizo. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa anaweza kutozwa gharama ya wastani ya kutoa nakala. Taasisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Akinyimwa au akipuuzwa, anaweza kupeleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ombudsman.

Ombi lenye manufaa ni lile linalouliza jambo mahususi. Badala ya kutaka "hesabu zote za wadi", mkazi anaweza kuuliza kandarasi ya kisima fulani ilitiwa sahihi tarehe gani, kwa kiasi gani, na ni nani aliyetia sahihi kwa niaba ya taasisi. Maswali hayo matatu yana majibu katika ukurasa mmoja wa hati, na afisa aliyefuata sheria anaweza kuyajibu bila wasiwasi.

Kwa mtumishi wa umma, ujumbe wa sheria hizi ni kwamba hesabu iliyotolewa kwa wakati humlinda yeye kwanza. Kwa mfanyabiashara, ni kwamba hati iliyotiwa sahihi hutangulia mzigo. Na kwa mwananchi, ni kwamba kila malipo ya umma yana jina la aliyeyaidhinisha, naye ana haki ya kulijua.